Siku moja maishani mwangu: kutafuta upana wa biti tatu

Saa mbili asubuhi nasoma ripoti ya kifaa cha kupimia umeme, ambacho tangu kiwekewe toleo jipya la programu hukwama kila kinapowasha taimeri yake. Prosesa yake ni ARM Cortex-M4, na mwongozo wa chipu unasema rejista ya taimeri hiyo (kisehemu cha chipu kinachoshika mipangilio yake) lazima isomwe na kuandikwa biti 32 kwa mkupuo mmoja. Ikiguswa kwa baiti, yaani biti nane tu, prosesa hupata hitilafu na kusimama.

Kufikia saa nne nimeyaweka sambamba maelekezo ya mashine ya matoleo yote mawili. Mstari wa C, lugha ya programu hiyo, ni uleule, unaojaza sehemu ya biti tatu iliyotangazwa kwa aina ya biti 32 pamoja na neno “volatile”, linaloiambia kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine) isiruke usomaji wala uandishi wowote. Toleo la zamani lina LDR, BFI na STR, yaani neno zima (biti 32) linasomwa, biti tatu zinapachikwa, kisha neno zima linarudishwa. Jipya lina LDRB na STRB, na hiyo B ndiyo baiti inayokiangusha kifaa. Historia ya faili inaonyesha kwamba muundo wa data wenye sehemu hiyo umeongezewa sifa ya “packed”, inayobana nafasi tupu kati ya sehemu zake. Kanuni za ARM huitaka kompaila ifuate upana wa aina iliyotangazwa, lakini GCC, kompaila tunayotumia, inaeleza wazi kwamba sehemu yenye sifa hiyo haifuatwi kwa upana huo. Tena muundo wenyewe haukuwa na nafasi yoyote tupu ya kubanwa!

Saa saba, tukila, kijana tunayefanya naye kazi ananiuliza, “Kaka, kwa nini kompaila iachiwe uhuru huo?” Namweleza kwamba kwenye kumbukumbu ya kawaida uhuru huo huongeza kasi, ila nao una mipaka. Mwaka 2012 wasanidi wa Linux waligundua kwamba GCC, kwenye prosesa za Itanium, ilibadilisha biti moja ya btrfs, mfumo wa faili wa Linux, kwa kusoma na kurudisha biti 64, na hivyo kufuta hali ya kufuli (alama inayozuia prosesa mbili kugusa data ileile kwa pamoja) iliyokuwa jirani, ambayo huenda prosesa nyingine ilikuwa imekwisha kuibadilisha. Kiwango cha C11, yaani toleo la 2011 la kanuni za lugha ya C, kinakataza jambo hilo.

Mchana naondoa “packed”, kisha naandika upya mstari wenyewe: rejista inasomwa nzima, biti zinabadilishwa kwenye kigeu cha kawaida, na neno linaandikwa mara moja. Kwa rejista za maunzi naiamini njia hii kuliko sehemu za biti, kwa sababu upana unaonekana kwenye msimbo wenyewe.

Saa kumi na moja jioni taimeri inawaka. Napeleka mabadiliko yakaguliwe, nikiambatanisha maelekezo ya mashine ya kabla na ya baada.