Milimita tatu za chumvi

Tulikuwa kidato cha tatu, watu watatu kwenye meza moja ya maabara. Tulipewa ubao wa mita 2, kitoroli cha gramu 800, kapi (kigurudumu cha mwisho wa ubao, uzi wa kuvuta kitoroli hupita juu yake), uzi, na vijiwe vinne vya mizani vya gramu 50 kila kimoja. Kazi yenyewe: kuonyesha kwamba kani (nguvu ya kuvuta) ikizidi, mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) nao huzidi kwa uwiano uleule.

Tiketaima, kifaa cha umeme kinachopiga vidoti kwa muda sawa, iligoma kwanza. Tulikuwa tumeichomeka kwenye DC, umeme wa upande mmoja, na ulimi wake hautikisiki bila AC, umeme unaogeuka huku na huku. Tulipohamisha nyaya ikanguruma, ikapiga vidoti 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi unaoburutwa na kitoroli. Nafasi tano kati ya vidoti ni sekunde 0.1.

Kijiwe kisichoning'inia kwenye uzi hupakiwa juu ya kitoroli, ili jumla ibaki kilo 1 muda wote. Meza ya jirani waliviacha kando vijiwe vyao visivyotundikwa, na mstari wa grafu yao ukazidi kulala kadiri walivyoongeza kani. Kila kijiwe walichotundika kilikuwa pia tungamo jipya la kuvutwa.

Tulikata utepe vipande vya nafasi tano tano, tukapima kila kipande kimezidi kilichotangulia kwa kiasi gani. Kijiwe kimoja kilitupa milimita 2, yaani mchapuko wa 0.2 m/s². Viwili 7, vitatu 12, vinne 17. Lakini kijiwe kimoja huvuta kwa niutoni 0.49, na kilo 1 ilipaswa kutupa karibu milimita 5. Mwenzetu akachukua kifutio: 5, 10, 15, 20. Grafu ikapita kwenye sifuri kama imechorwa na fundi.

Mwalimu hakuitazama grafu. Alichukua rula, akapima vipande vyenyewe.

"Mmepika. Chumvi mmetia kiasi gani?"

"Milimita tatu, Mwalimu."

"Wapi?"

"Kila mahali."

"Na kwa nini kila mahali iwe tatu?"

Tukanyamaza. Akatuchorea namba za kweli: mstari ulikuwa mnyoofu, mteremko wake ukitoa kilo 1 ileile, ila ulikata mhimili wa kani karibu na niutoni 0.3. Huo ulikuwa msuguano wa ekseli, wa kapi, na wa utepe chini ya karatasi ya kaboni. Tulikuwa tumeupima vizuri kabisa, kisha tukaufuta.

Dawa yake ni kuinua ubao upande wa tiketaima. Kitoroli husukumwa kidogo bila kijiwe kwenye uzi, vidoti vikibanana, inua zaidi, vikiachana, shusha. Kwa sentimita 8 viliachana. Kwa 6 vikalingana.

Tukatundika vijiwe viwili, tukaachia. Tofauti ikawa milimita 10 bila msaada wa kifutio. Baada ya sentimita 70 vijiwe viligonga sakafu, uzi ukalegea, na kitoroli kikaendelea bila kuvutwa na chochote. Kwenye utepe, kuanzia pale, vidoti vilikaa sentimita 2.3, 2.3, 2.3, hadi mmoja wetu alipokidaka kabla hakijaligonga kapi.