Nani Ana Pumu Kwenu?

Mwezi wa saba mwaka ule Mbeya ilikuwa na ile baridi kavu inayopasua midomo na visigino, na binti yetu wa pili alikuwa na miezi minne. Mashavu yake yalianza kwa kukauka, vikafuata vipele vidogo, kisha yakawa yanatoa majimaji na kuganda. Nikimweka begani anasugua uso kwenye sweta langu mpaka anaacha alama za damu. Mtoto wa umri ule mkono wake bado haujajua kujikuna, kwa hiyo anajikunia chochote kilicho karibu: shuka, kanga, bega la mama. Usingizi tuliusahau.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa. Mama mkwe, aliyepanda kutoka Tukuyu kuja kunisaidia, alisema ni harara, nimemvalisha nguo nyingi mno. Jirani akasema fangasi. Dada mmoja wa kanisani akanikataza maharage, mayai na samaki, eti vinapita kwenye maziwa. Duka moja la dawa wakaniuzia tyubu bila hata kumfunua mtoto. Tyubu ilifanya kazi, tena upesi, na hapo ndipo pabaya: mashavu yakasafika, dawa ilipokoma yakarudi vibaya kuliko mwanzo. Mle ndani mlikuwa na steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, vyote kwa pamoja. Mpaka leo sielewi muuzaji anampaje mtu kitu kama kile kwa ajili ya uso wa mtoto mchanga, tena na chenji na “karibu tena”.

Tukaenda kwa daktari wa ngozi. Alikuwa mtu wa makamo, amesomea Moshi, kwenye kile chuo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC ambacho tangu 1992 kinafundisha wataalamu wanaorudi mikoani. Mama mkwe alikuja na sisi. Alikuwa ameshanionya nisisahau hela ya maabara.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba baba. Huyu mtoto apimwe damu.”

Daktari akacheka, akamchukua mtoto, akamsogeza dirishani kwenye mwanga. Hakuanza na mashavu. Alipitisha vidole kichwani, akapapasa nje ya mikono na mbele ya miguu, akaniambia na mimi nipapase. Nilidhani palikuwa pazima. Kumbe ngozi ilikuwa imeota vipele vidogo sana, kama ya kuku aliyenyonyolewa. Akasema picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mashavu mekundu ya watoto wa Kizungu, ila kwa ngozi yetu wekundu hujificha; panaonekana peusi zaidi, au kijivujivu, na mara nyingi kidole kinajua kabla ya jicho.

Halafu akafungua nepi. Pale ngozi ilikuwa laini kabisa, haina hata kipele. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Ugonjwa aliokuwa anaufikiria kwa watoto wachanga hukaa usoni, kichwani na nje ya mikono na miguu, na kwa kawaida huiacha sehemu ya nepi. Akafumbua viganja, akatazama nyayo na katikati ya vidole, maana upele wa kuambukiza hupenda kujificha huko.

“Nyumbani nani mwingine anajikuna usiku?”

“Hakuna,” nikasema.

“Bibi, nionyeshe mikono.”

Mama mkwe akanyoosha mikono yote miwili, kwa shingo upande. Misafi.

“Sasa niambieni, nani ana pumu kwenu?”

Nilisema hakuna. Mimi nina aleji ya vumbi tu, nikifagia napiga chafya mpaka machozi. Daktari akaandika. Mama mkwe alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mume wangu alipokuwa mdogo, kila msimu wa baridi kifua kilikuwa kinamlilia, wakambeba hospitali usiku mara kadhaa. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kulisikia hilo. Mwenyewe alikuwa kazini Makambako, hana habari kwamba anajadiliwa.

“Basi,” daktari akasema. “Pumu ya ngozi, ile wengine wanaiita eczema; nayo hufuata koo zenye pumu na aleji. Haiambukizi, na hakuna kipimo cha damu kitakachonipa jibu kuliko haya mliyonijibu.”

Baadaye nilisoma kwamba maswali yale yanaendana na vigezo vilivyotolewa na madaktari wa Uingereza mwaka 1994: kuwashwa ni lazima, kisha zipatikane dalili nyingine tatu au zaidi, na kwa mtoto mdogo, pumu au aleji ya mzazi inahesabiwa.

Niliuliza kama ni ugonjwa wa nadra. Akasema katika baadhi ya nchi unampata mtoto mmoja kati ya kila watano, wengi wao huanza kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na wengi hupata nafuu wanavyokua. Matibabu yalikuwa ya kawaida mno kwa mtu aliyekuja na hela ya maabara: maji ya uvuguvugu, kuoga kifupi, sabuni isiyo na manukato, mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, fulana ya pamba chini ya sweta la sufi, na steroidi hafifu kwa siku chache. Maharage nikaruhusiwa.

Mtoto alipata nafuu, akaugua tena baridi iliyofuata, na tukajua la kufanya. Ila aliyebadilika zaidi ni mama mkwe. Aliporudi Tukuyu alianza kuwafungua nepi wajukuu wa watu baada ya ibada, anapapasa miguu, anauliza ukoo mzima nani ana pumu. Kwenye nyumba moja alikuta mama, baba na watoto wote wanajikuna, na kichanga kina vipele nyayoni. Akawaambia hiyo siyo ya mjukuu wake, akawafukuzia hospitali wote siku ileile.