Msokoto, gitaa na rekodi ya simu

Kuna kipindi niliamini kabisa kwamba bila msokoto wa bangi vidole vyangu havijui kitu. Nilikuwa napiga solo kwenye bendi moja ya mtaani Kinondoni, na kabla ya mazoezi lazima nipitie nyuma ya ukumbi kwanza. Stimu ikipanda, kila noti naiona dhahabu.

Siku moja mpiga besi akaturekodi kwa simu, kimya kimya. Kesho yake asubuhi, kichwa kikiwa safi, akanipa nisikilize. Jamani! Sebene niliyoikumbuka kama moto ilikuwa kipande kilekile kinarudiwa dakika sita, dramu zinakimbia, mimi nachechemea nyuma. Jamaa hakusema neno. Alicheka tu, na kicheko chake ndicho kilichoniuma.

Nikaanza kusoma habari za watu wa jazi Marekani. Vijana wengi walimsikia Charlie Parker akipuliza saksafoni wakadhani siri ni heroini. Parker alifariki 1955 akiwa na miaka 34 tu, na daktari aliyeuona mwili alimkadiria kati ya 50 na 60! John Coltrane, mpuliza saksafoni mwingine wa jazi, aliacha heroini 1957. A Love Supreme, albamu yake maarufu, aliirekodi Desemba 1964, miaka saba baada ya kuacha. Wanaosema ubunifu unatoka kwenye sindano wanieleze hilo kwanza.

Sikuacha siku ileile, nisiwadanganye. Ilinichukua karibu mwaka. Rekodi yenyewe jamaa bado anayo, na kila nikianza kujisifu anaifungulia kwa sauti ya juu.