Jinsi nilivyoikwamua apt iliyogoma kusasisha programu

Kompyuta inayotunza orodha ya wanafunzi na hesabu za ada katika madrasa moja ya Majengo, hapa Mombasa, hutumia mfumo endeshi wa Ubuntu, na kwa muda mrefu ilifanya kazi bila taabu hadi amri ya `sudo apt upgrade` ilipoanza kugoma; apt ni chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kusasisha programu. Maalim alinipigia simu akanisomea mstari wa mwisho uliobaki kwenye skrini, uliosema kwamba dpkg imerudisha kosa namba 1. Nilimwomba asiizime mashine, kwa sababu mstari huo hauelezi chanzo cha tatizo. Kazi ya kufungua na kusakinisha vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, hufanywa na dpkg, na apt huandika maneno hayo hayo kila dpkg inaposhindwa, iwe ni kwa sababu gani. Kosa lenyewe huwa limeandikwa juu zaidi, na mara nyingi limeshapita machoni.

Kabla sijafika, umeme ulikatika na yote yaliyokuwa kwenye skrini yakapotea. Hilo halikunitia wasiwasi, kwa kuwa apt huhifadhi maandishi yote ya kazi zake katika faili ya `/var/log/apt/term.log`. Kilichonishughulisha kwanza ni kwamba sasa hata `sudo apt update` ilikataa, ikidai kuwa faili ya Release ya hazina ya programu (mahali mtandaoni apt inapozichukua) bado haijaanza kuwa halali. Faili hiyo hubeba tarehe ya kutolewa kwake, na apt huilinganisha na saa ya kompyuta. Saa ikiwa nyuma, apt huiona faili kana kwamba imetoka siku ambayo haijafika, nayo huikataa kwa usalama. Niliandika `date` na kukuta mashine imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ilikuwa imekufa, hivyo kila umeme ulipokatika saa nayo ilipotea, na huduma ya kusawazisha saa kwa mtandao ilikuwa imezimwa. Amri ya `sudo timedatectl set-ntp true` ilirekebisha saa, na betri mpya tuliipata Barabara ya Digo.

Nilipojaribu tena, apt ilisema kufuli ya `/var/lib/dpkg/lock-frontend`, faili inayozuia programu mbili kusakinisha kwa wakati mmoja, imeshikwa na unattended-upgrades, yaani huduma inayosasisha mfumo yenyewe kimyakimya. Kijana mmoja anayemsaidia Maalim alipendekeza tuifute faili ile, kama wengi wanavyoshauriana. Nilimkatalia, na ningemkatalia yeyote. Kufuta faili hakuiondoi kufuli mikononi mwa programu iliyoishika. Kunairuhusu programu ya pili kutengeneza faili nyingine na kuingia, kisha zote mbili zinaandika katika kumbukumbu moja ya vifurushi, na kumbukumbu hiyo ikiharibika kazi ya kuitengeneza ni kubwa kuliko tatizo la awali. Tulisubiri, kufuli ikaachiwa.

Ndipo nilipoifungua term.log na kuisoma kuanzia juu. Katikati ya mistari mingi, pale mfumo ulipokuwa ukitengeneza faili ya initrd (inayoisaidia kerneli kuanza mashine inapowashwa) ya kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo endeshi, palikuwa na maneno "No space left on device", maana yake hakuna nafasi iliyobaki. Maalim alishangaa, kwa kuwa diski ilikuwa na nafasi tele. Ni kweli, lakini `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski, ilionyesha kuwa `/boot`, sehemu yenye faili za kuiwasha mashine, imejaa asilimia 100. Diski ya mashine ile ilisimbwa (encryption) wakati wa kusakinisha mfumo, ili isisomeke bila nywila, na katika mpangilio huo `/boot` hutengewa sehemu yake ndogo, ambayo kila kerneli mpya huongeza mzigo wake humo huku zile za zamani zikiwa bado zimekaa.

Dawa ya kawaida ni `sudo apt autoremove`, inayoondoa vifurushi visivyohitajika tena, nayo ilishindwa vilevile, kwani ilijaribu kwanza kukamilisha kifurushi kilichokwama na kukosa nafasi ile ile. Ilibidi nafasi ipatikane kwa mkono. Niliandika `uname -r` ili kujua kerneli inayotumika sasa, kisha nikaihamisha kwa `sudo mv` faili ya initrd ya kerneli kongwe kuliko zote, nikiipeleka kwenye diski kuu badala ya kuifuta, ili irudishwe endapo ingehitajika. Hapo `sudo dpkg --configure -a` ilimaliza kazi iliyokuwa nusu, `sudo apt --fix-broken install` ikapita, na `sudo apt autoremove --purge` ikaondoa kerneli za zamani. Upgrade iliyofuata ilikwenda hadi mwisho bila kosa, na tulipoiwasha mashine upya, `uname -r` ilitaja kerneli mpya.

Kabla ya kuondoka nilifungua `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades` na kuhakikisha mstari wa `Unattended-Upgrade::Remove-Unused-Kernel-Packages` umewekwa "true" na hauna alama za kuuzima mbele yake, ili huduma ile inayosasisha mfumo iwe pia inaondoa kerneli zisizotumika, na Maalim akaandika kwenye daftari lake amri ya `df -h /boot` ili aitazame kila mwanzo wa mwezi.