Usiizime ruta uliyoikuta imeshaingiliwa

Mwenye lodge wa Area C, Dodoma, akiita watu wampimie usalama wa mtandao, makubaliano hutaja kompyuta ya mapokezi, kamera na Wi-Fi ya wageni. Kile kiboksi cha MikroTik, yaani ruta inayogawa intaneti, kilichopachikwa juu ya mlango hakitajwi. Kama kuna mtu alishaingia humo kabla yako, kila nywila utakayoituma bila kusimbwa ataiona, na hata majibu ya vipimo vyako ni ya kutiliwa shaka, maana pakiti zote zinapitia kwake.

Kwa hiyo anza na ruta, ila kwa ruhusa ya maandishi. Bila hiyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu na wewe. Tazama toleo la RouterOS, mfumo endeshi wa ruta hizi: kuanzia 6.29 hadi 6.42 kuna kasoro CVE-2018-14847, inayomwezesha yeyote anayeifikia bandari 8291 (ya Winbox, programu ya kuisimamia ruta) kusoma faili la watumiaji na kuondoka na nywila. Kusasisha kunaziba tundu tu; nywila iliyokwisha kuibwa inabaki imeibwa, na mafundi wengi husahau hapo.

Kisha pitia `/system scheduler print` (kazi inayopakua skripti kila baada ya muda), `/ip socks print` (ruta kugeuzwa proksi ya wengine), `/ip dns print` (seva za DNS usizozijua) na `/tool sniffer print` (kunasa pakiti). Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: `streaming-enabled` ikiwa `yes` na hukuiweka wewe, huenda nakala za pakiti zinatumwa nje.

Ukikuta hivyo, usiizime. Kumbukumbu za matukio kwa kawaida hukaa kwenye RAM, mistari 1000 tu. Umeme ukikatika zimekwenda. Toa `/log print file=matukio` (kumbukumbu) na `/export file=usanidi` (mipangilio ya ruta). Watumiaji hawamo kwenye export, hivyo nakili `/user print` pembeni. Hamishia mafaili hayo kwenye laptopu kwa waya, chukua hashi ya SHA-256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili halijabadilishwa), halafu mpigie mwenye mali simu. Barua pepe kupitia mtandao uleule ni kumwarifu mdukuzi.

Kusafisha ni kwa Netinstall, programu ya MikroTik ya kuweka RouterOS upya, bila kuweka tiki ya kubakiza usanidi wa zamani. Faili la `.backup` usilirudishe: hubeba watumiaji wote, mdukuzi akiwemo. Sanidi upya kwa mkono, funga telnet (njia ya kuingia isiyosimba nywila), na Winbox ifikiwe na kompyuta ya msimamizi tu. Msimu wa Bunge la bajeti vyumba vimejaa na hakuna atakayekuruhusu ukate intaneti, basi njoo na ruta ya akiba iliyokwisha kusanidiwa.