Jino zima limeng'olewa, bovu limebaki

Mama mdogo alikwenda kliniki ya binafsi hapa Mombasa, zile zenye kiyoyozi na kahawa ya bure, akang'olewa jino zima. Bovu likabaki. Wakamwambia watamrudishia ada, ila kwanza atie sahihi kwamba hana dai lingine. Nikamwambia, "Mama, usitie." Ada ni ya kung'oa, jino la kupandikiza atalilipia nani?

Tukaomba nakala ya faili na eksirei. Wa mapokezi akasema hiyo ni siri ya kliniki. Siri gani, na mdomo ni wa mama? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata taarifa anazohitaji kulinda haki zake, hata zikiwa kwa mtu binafsi. Tulipokitaja kwa barua, faili ikapatikana.

Daktari mwingine ametuandikia maoni yake na makadirio ya gharama. Malalamiko kuhusu daktari yamekwenda KMPDC, baraza linalosimamia madaktari, wakiwemo wa meno. Pesa tutazidai Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Sasa kliniki wanapiga simu wenyewe, eti tuzungumze. Tutazungumza, lakini kwa maandishi.