Siku tatu Aubrac na mbwa asiye wangu

Kwetu Tanga mbwa hufukuzwa kwanza, kisha ndiyo iulizwe ni wa nani. Madrasa nako nilifundishwa kwamba mate yake ni najisi: yakikugusa, osha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo jirani yangu wa chini hapa Clermont-Ferrand, bibi wa miaka sabini na kitu, aliponiomba nimtunzie mbwa wiki atakayopasuliwa goti, nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Ndiye aliyekuwa akinisomea barua zote za maofisini mwaka wangu wa kwanza Ufaransa. Mtu wa hivyo utamkatalia vipi?

Shida ni kwamba wiki hiyohiyo ya Juni nilikuwa na likizo, na nilishapanga kutembea kwa miguu uwanda wa Aubrac, kusini mwa Ufaransa: Aumont-Aubrac, Nasbinals, Saint-Chély-d'Aubrac, mwisho Espalion. Kama kilomita 65 kwa siku tatu. Bibi akacheka. "Mpeleke. Njia za mlimani anazijua kuliko wewe."

Mbwa mwenyewe jike, wa aina ile ya kuwindia ndege, kilo 16, madoa ya rangi ya chungwa. Nikampigia mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia unasafiri."

"Ndiyo. Na mbwa."

Kimya. "Mwanangu, na sala zako?"

Nikamweleza mpango. Kikoi cha kuswalia nitakifunga kwenye mfuko wake wa plastiki, juu kabisa ya begi. Bakuli la mbwa na kitambaa chake vitakaa mfuko wa nje. Mbwa mkavu akinigusa nguo kavu, hakuna neno. Mate yakinipata, maji yapo na udongo umejaa njiani. Mama akasema haya, lakini haya ile ya kumaliza maongezi.

Kilichonitesa zaidi ni malazi. Njia hii ni sehemu ya GR 65, njia ndefu ya miguu wanayopita mahujaji wa Kikatoliki waendao Santiago de Compostela kule Hispania, kwa hiyo kila kijiji kina gîte, nyumba ya watembeaji yenye vitanda vya juu na chini. Nilipiga simu saba. Sita walinijibu kwa upole kwamba mbwa hapana. Wa saba, wa Saint-Chély, alikubali alale kwenye banda la kuni. Nasbinals nikaamua kulala kwenye hema. Kama una mbwa, piga simu wiki kadhaa kabla. Usitegemee kufika jioni umechoka na kuonewa huruma mlangoni.

Treni ilitupitisha juu ya Garabit, daraja la chuma la kampuni ya Gustave Eiffel lililokamilika 1884, miaka mitano kabla ya mnara wa Paris. Mbwa alikatiwa tiketi yake. Kifunga-mdomo nilikibeba mkononi, hakuna aliyeuliza.

Siku ya kwanza nilijifunza habari ya maji. Baada ya misitu ya misonobari uwanda unafunguka, nyasi na mawe tu hadi upeo wa macho, kivuli hakuna. Nilibeba lita mbili nikidhani zitatosha, kumbe mbwa hunywa kama mtu mzima. Mzee mmoja njiani akanipa siri: tafuta makaburi. Makaburi ya vijiji vya Ufaransa mara nyingi huwa na bomba, la kumwagilia maua. Tangu hapo kila nikiona ukuta wenye misalaba moyo unatulia, jambo ambalo sikutarajia kuliandika maishani mwangu.

Jioni hiyo mbwa aligusa uzio wa umeme kwa pua. Alipiga ukelele mmoja, akakaa chini, na kila geti lililofuata akaligomea. Nilimvuta, nikambembeleza kwa Kifaransa, mwisho nikamwambia kwa Kiswahili, "Twende bwana, usiku unaingia." Akanyanyuka.

Siku ya pili, kati ya Nasbinals na kijiji cha Aubrac, njia inakatiza katikati ya malisho. Ng'ombe wa huku ni wa rangi ya kahawia hafifu, pembe ndefu, na macho yamezungukwa na weusi kama wamepakwa wanja. Hupandishwa huku mwishoni mwa Mei, hushushwa Oktoba, kwa hiyo Juni wamejaa, na wana ndama. Getini alisimama mwenye mifugo. Akamwangalia mbwa, akaniambia nimfunge kamba, tupite mbali na ndama. "Lakini wakikujia, mwachie. Wewe hawana haja nawe, wanamtaka yeye. Ukimshika, mtaumia wote wawili."

Nikapita mbali. Haikutosha. Mmoja aliinua kichwa, wa pili akaanza kutembea, kisha nikasikia ardhi inatikisika. Nikaachia kamba. Mbwa akatimka kama mshale, akazunguka mduara mzuri kabisa, halafu akarudi kujificha katikati ya miguu yangu. Hilo mwenye ng'ombe hakulitaja. Nilimkumbatia kilo zake zote 16, nikamtupa ng'ambo ya ukuta wa mawe na mimi nikafuata. Ng'ombe walisimama wanatutazama kwa macho yao ya wanja. Mbwa alinilamba shingo, shavu na sikio.

Palikuwa na hori la maji karibu. Nikaosha mara saba, moja kwa udongo, huku mahujaji wawili wakipita na kunisalimia kwa mashaka.

Kijijini Aubrac tulifika kwenye ukungu. Kanisa lake lina kengele ya waliopotea. Zamani watawa waliigonga wakati wa ukungu na theluji ili msafiri afuate sauti. Hapo nikala aligoti, viazi vya kuponda vilivyosongwa na jibini mbichi. Mpishi huisonga kwa mwiko kama sima, ikavutika hadi usawa wa kifua. Ni chakula cha mtu aliyetoka kukimbizwa.

Siku ya tatu ni mteremko, na hapo angalia miguu ya mbwa. Mbegu za nyasi zenye miiba huingia kati ya vidole na kupenya nyamani; nilizitoa tano. Kupe nilitoa watatu, kwa kindoano cha plastiki nilichonunua duka la dawa. Kufikia usiku wa pili nilikuwa nafanya ukaguzi huo kabla hata sijavua viatu vyangu.

Espalion tuliingia alasiri. Chini ya daraja la zamani la mawe mto Lot unapita taratibu, mbwa akajitosa. Niliketi ukingoni, nikatoa kikoi kwa ajili ya Alasiri, nikampigia mama kumwambia tumefika. Mbwa akatoka mtoni, akaja hadi ubavuni pangu, akajikung'uta maji yote mwilini.

"Nini hicho?" mama akauliza.

"Moja," nikasema, nikainuka kutafuta udongo.